Ngiri Aliyefagia Nyayo za Kwao

Paukwa!

Pakawa!

Wa mbele nimewasikia. Nyinyi wa nyuma mmeshiba sana, au mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimejua nina watu. Watoto sogeeni, wakubwa msiondoke, maana hadithi hii si ya watoto peke yao. Hapo zamani za kale, wanyama wakisema na ndege wakijibu, palikuwa na bonde. Katikati ya bonde palikuwa na mto, na mto wenyewe ulikuwa wa mchanga. Masika unajaa. Kiangazi unakauka, juu mchanga mtupu, chini maji. Asiyejua angekufa kwa kiu huku amesimama juu ya maji.

Waliojua walikuwa ngiri.

Ngiri mnamjua? Uso wa matuta, ngozi ya rangi ya vumbi, akikimbia mkia juu wima. Mnacheka. Chekeni, yeye mwenyewe hucheka. Ngiri hula amepiga magoti, na huchimba amepiga magoti, mpaka magoti yake yanaota sugu. Kiangazi ngiri walikwenda kwenye kona ya mto, wakapiga magoti, wakachimba. Kwaru, kwaru, kwaru! Maji yakatoka. Wakanywa wao, akanywa nyumbu, akanywa punda milia, akanywa na kanga na vifaranga vyake. Hakuna aliyeulizwa ametoka wapi.

Sasa, ngiri walikuwa na desturi yao. Kila mwaka, mawingu yakianza kukusanyika, walihama bonde. Hawakufukuzwa, walihama wenyewe. Walisema bonde nalo huchoka, nalo linataka kulala. Basi walipanda vilimani, ambako mvua hujaza madimbwi, wakakaa huko miezi yote ya mvua. Madimbwi yakikauka, walishuka. Wakakuta majani ya bondeni yamewafika tumboni.

Na kabla ya kuhama, walifukia visima vyao kwa mchanga. Waliziba mashimo yao ya kulala. Kisha walifagia nyayo. Ndiyo, nyayo! Walisema ardhi haiwezi kulala vizuri ikiwa bado inakanyagwa, na unyayo uliobaki ni mguu unaoendelea kukanyaga.

Kazi ya kufagia walipewa wachache, wenye subira. Siku hizo mfagiaji alikuwa Bi Magoti, ngiri mzee kuliko wote, mwenye sugu nene kuliko wote. Alibana tawi la majani katika meno yake marefu, akatembea kinyumenyume kutoka kona ya mto mpaka mguuni mwa kilima. Shwa, shwa, shwa. Nyuma yake binti yake, jina lake Ngiri tu, akiimba kumsaidia:

*Fagia, fagia, nyayo zilale,*
*mvua izikute zimelala.*
*Tukirudi, tutaziamsha.*

Mwaka huo Ngiri alikuwa na mtoto mmoja, msichana, aliyeitwa Kitinda. Kitinda akasema, "Bibi, na wangu unafuta? Mbona mdogo hivi, kama punje ya mtama!"

"Na wako, mjukuu wangu. Ardhi ikilala, hata mdogo unaisumbua."

Shwa. Ukafutika.

Bi Magoti alisimama kilimani, akatazama nyuma. Bonde zima safi, kama halijawahi kukanyagwa. Akafurahi. Akasema, "Mwaka huu nimefagia vizuri kuliko miaka yote."

Kumbukeni maneno hayo.

Mvua ikanyesha. Ngiri wako vilimani. Na huko bondeni wakaja ndege, korongo, weupe, miguu mirefu, midomo mirefu. Walitoka kaskazini, mbali sana. Huko walikuwa na vinamasi vyao, na vinamasi hivyo walivimaliza wenyewe. Walikula vyura mpaka chura wa mwisho, wakavunja matete mpaka tete la mwisho, kisha wakaanza kuona uchungu wa walichokifanya.

Mkubwa wao, Korongo Mkuu, alitua kwenye kona ya mto. Akatazama majani, akatazama maua ya mvua. Akatafuta unyayo, asione hata mmoja. Akalia.

Sikilizeni. Machozi yale yalikuwa ya kweli. Mimi simsingizii. Nimefikiri sana juu ya yule ndege, na sikuona kwamba alikuja kuiba. Alikuja kupenda.

Akawaambia wenzake, "Hapa hapajakanyagwa na yeyote tangu dunia iumbwe. Vyetu tuliviharibu. Hapa hatutaruhusu paharibiwe."

Korongo wote wakagonganisha midomo. Ta-ta-ta-ta-ta! Hivyo ndivyo korongo wanavyokubaliana.

Wakalipa bonde jina, Bonde Lisilokanyagwa. Wakakata miiba, wakalizungushia ukuta wa miiba, wakaacha lango moja. Kisha wakatoa sheria: aingie mnyama mwenye weupe mwilini, na mwenye rangi ya vumbi abaki nje.

"Si chuki," alisema Korongo Mkuu. "Mwenye rangi ya vumbi huleta vumbi. Mnaona wenyewe."

Mvua ikakatika. Madimbwi ya vilimani yakawa tope, tope likawa ufa. Ngiri wakasema, wakati umefika, tushuke. Wakashuka kwa mstari, mikia juu, wakiimba ile nusu ya mwisho ya wimbo, *tukirudi, tutaziamsha.*

Wakakuta miiba.

Langoni alisimama Nyumbu, jirani yao wa siku zote, aliyekunywa kwenye visima vyao tangu utotoni. Mwili wake ni wa vumbi kama wao. Lakini alikuwa na ndevu nyeupe.

"Nyumbu!" Ngiri alimwita. "Hujambo? Mbona umesimama kama gogo? Tupishe, mtoto ana kiu."

"Sijambo, dada Ngiri. Siwezi kuwapisha."

"Huwezi una nini? Mguu unauma?"

"Sheria. Hapa wanaingia wenye weupe."

"Na wewe?"

Nyumbu akainua kidevu. "Ndevu."

"Ndevu! Ndevu hizo ulikuwa unazionea haya! Si wewe uliyezipaka tope siku ya ngoma ili wasichana wasikuite babu?"

Ngiri wote wakacheka, na Nyumbu naye akataka kucheka. Akajizuia. Akasema kwa sauti ya chini, "Dada, nami nina watoto. Walisema niwe ndani na nishike lango, au niwe nje na lango lishikwe na mwingine. Ungefanyaje?"

Tangu hapo Ngiri hakumlaumu tena, wala mimi simlaumu.

Wakati huohuo akafika Punda Milia. Korongo wawili wakamkagua mbele na nyuma. Mmoja akasema ni mweupe mwenye mistari myeusi. Mwingine akasema ni mweusi mwenye mistari myeupe. Wakabishana mpaka jua likahama.

"Wewe mwenyewe unasemaje?" wakamwuliza.

"Mweupe, mabwana! Mweupe kabisa. Hii mistari ni kivuli cha nyasi tu, kimeniganda."

Wakamruhusu, ila atembee pembeni, karibu na miiba, asionekane sana. Punda Milia akaingia bila kugeuka nyuma. Kutwa nzima ngiri walimwona akitembea kandokando ya miiba, upande wa ndani, akijitahidi asigeuze shingo.

Bi Magoti akasogea langoni. Akasema, "Niitieni mkubwa wenu."

Korongo Mkuu akaja. Alikuja kwa adabu, akainamisha shingo. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwanangu, humo ndani ni kwetu. Nilizaliwa kwenye kona ya mto. Mama yangu alizaliwa hapo. Mjukuu wangu huyu alizaliwa hapo."

Korongo Mkuu akafikiri. Hakuwa mtu wa hasira. Akasema, "Bibi, mimi sipendi kudhulumu. Nilipofika nilitafuta nyayo, sikuona. Pengine sikutafuta vizuri. Ingia wewe na binti yako. Nionyesheni unyayo mmoja tu. Mmoja. Nikiuona, nitauvunja ukuta huu kwa mdomo wangu mwenyewe."

Wakaingia. Wakatafuta tangu asubuhi mpaka jua lilipoanza kushuka. Walitafuta penye mashimo, majani yamefunika. Walitafuta njia ya kilimani, mchanga laini. Ngiri alichungulia chini ya kila jiwe. Bi Magoti alitembea akinusa, akinusa, kisha akasimama.

"Mwanangu," akamwambia binti yake, "nilifagia vizuri mno."

Kisha Bi Magoti akasema, "Ngoja." Akaenda moja kwa moja kwenye kona ya mto. Hakupapasa, hakutafuta. Akapiga magoti. Kwaru, kwaru, kwaru! Maji yakatoka, baridi, safi.

"Haya!" akasema. "Ningejuaje, kama si kwetu?"

Korongo wakashangaa. Ta-ta-ta-ta-ta! "Ajabu! Tazama pua ya mnyama huyu! Amenusa maji chini ya mchanga!"

"Si pua," alisema Bi Magoti. "Ni mama yangu aliyenionyesha."

"Pua kali sana," alisema Korongo Mkuu, na alisema kwa kumsifu. "Bibi, unyayo sikuuona. Lakini mnyama mwenye pua hii anaweza kutufaa. Bonde lina wageni sasa, wanakuja kutoka kwetu kulitazama. Wanahitaji maji. Na kila mgeni anapenda aone hapajakanyagwa, kumbe wa jana amekanyaga. Tunahitaji mfagiaji."

Bi Magoti akamtazama. Akageuka, akatoka langoni. Akalala nje, kando ya miiba, pua yake ikiwa imepenya kati ya miiba miwili, imeelekea kona ya mto. Wakamletea majani, akakataa. Siku ya nne akafa hivyo hivyo. Walipomwondoa, pua ilibaki na mikwaruzo ya miiba. Wakamzika nje.

Ngiri wengine wakatawanyika, huyu huku, yule kule, wakitafuta mto mwingine. Wengi sijasikia habari zao tena. Lakini Kitinda alikuwa dhaifu, asingefika popote. Basi Ngiri akaenda langoni.

"Ile kazi," alisema, "bado ipo?"

Ikawa kazi yake. Asubuhi anachimba kisima. Mchana korongo wageni wanakuja, wanatembea kwenye mchanga, wanasema, "Lo, sisi ni wa kwanza!" Wakiondoka, Ngiri anabana tawi katika meno, anatembea kinyumenyume. Shwa, shwa, shwa. Anafuta nyayo zao, anafuta na zake. Mwanzoni aliimba ule wimbo. Alipofika kwenye *tukirudi* alishindwa. Akaacha kuimba.

Na ujira wake? Aliruhusiwa kunywa jioni mpaka ashibe. Lakini maji ya bonde hayakuruhusiwa kutoka bondeni, si kwa kibuyu, si kwa jani. Hiyo nayo ilikuwa sheria.

Kitinda yuko nje. Ngiri afanyeje?

Alijaza maji mdomoni. Alijaza mashavu mpaka yakavimba, akafunga midomo, akatembea taratibu mpaka langoni. Nyumbu akauliza, kama alivyomwuliza kila mtu, "Habari za leo, dada?" Dada hajibu. Nyumbu akaona mashavu. Akageuza uso, akajikuna ndevu. Ngiri akapita. Akamfikia mtoto, akammiminia. Funda moja kubwa. Kitinda akaishi siku moja zaidi.

Kila jioni hivyo. Miezi yote ya kiangazi, na kiangazi kilichofuata, na kingine. Ndani alifanya kazi, na alipotoka, mdomo umejaa maji. Hakusema na mtu; hata Kitinda hakumsimulia habari za bonde.

Sasa njoo hapa, wewe mtoto unayesinzia, hapa ndipo penyewe.

Kiangazi kimoja jua lilikuwa kali kupita kiasi. Kitinda aliugua. Siku mbili ulimi wake ulikuwa mkavu kama gome la mti. Jioni hiyo Ngiri alijaza maji, akashika njia ya lango. Njiani akasimamishwa na korongo mgeni, msichana, mwenye macho ya kutaka kujua. Alikuwa pamoja na Korongo Mkuu.

"Mama," alisema yule mgeni, "nimeona magoti yako. Nimeona na mchanga wa pale kwenye kona, una sehemu zilizobonyea, ukubwa wa goti. Nyingi, chini kabisa ya kisima. Hazikufanywa mwaka huu. Niambie, zamani nani alikuwa akiishi hapa?"

Korongo Mkuu alitaka kucheka. Hakucheka. Akamtazama Ngiri. Kwa mara ya kwanza tangu alipotua bondeni, alikuwa anasubiri kujibiwa.

Mnaelewa? Lile jibu alilokuwa nalo miaka yote lilikuwa limeulizwa. Maneno mawili tu yalitosha: ni sisi. Lakini akifungua mdomo, maji yanamwagika. Kisima amekwisha kukifunika, jua linazama, lango linafungwa. Na Kitinda yuko nje, na kesho ni mbali.

Ngiri akasimama. Mashavu yanatetemeka. Machozi yakamtoka, maana macho hayakuwa na sheria.

Akafanya alichoweza. Akapiga magoti. Pale pale mbele yao, mchangani, akaweka magoti yake yenye sugu, akayakandamiza, akainua uso, akawatazama. Tazameni! Goti ni hili!

Korongo Mkuu akaguswa moyo. Akamwambia mgeni, "Unaona heshima yake? Hakuna mfanyakazi mwaminifu kama huyu."

Mgeni akainamisha shingo, akaona haya kwa kuuliza. Wakaondoka.

Ngiri akainuka. Akatembea, hakukimbia, kukimbia kungemwaga maji. Akapita lango. Nyumbu akageuza uso. Akamfikia Kitinda, akammiminia tone kwa tone, mpaka la mwisho. Kitinda akafungua macho.

Mdomo ulipokuwa mtupu, Ngiri aligeuka, akakimbia, mkia juu, mpaka kwenye miiba. Akapiga kelele, "Ni sisi! Ni sisi tuliokaa hapa! Ni sisi!"

Lango limefungwa. Mgeni amekwisha ruka zake. Nyumbu alikuwa hapo ndani, akamsikia.

"Najua, dada," alisema Nyumbu. "Mimi najua." Hakumwambia mtu mwingine.

Miaka ikapita. Korongo Mkuu akazeeka, akazidi kuwa mpole. Siku moja akatangaza, "Ile sheria ya rangi haikuwa nzuri. Tuliikosea. Kuanzia leo kila mnyama aingie, wa vumbi na asiye wa vumbi. Ila mkononi, au mdomoni, awe na unyoya mmoja mweupe, kuonyesha kwamba anakuja kwa amani."

Nje wakashangilia. Kisha wakatazamana. Ngiri ana mabawa? Pimbi ana mabawa? Aliyekuwa na manyoya meupe ni korongo.

Lakini Kitinda, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa mwenye nguvu, alitafuta miezi mitatu kando ya ukuta, akapata unyoya mmoja umenaswa kwenye mwiba. Akaubana mdomoni, akaingia pamoja na wageni. Jioni akatoka mbio.

"Mama! Mama, nimeingia! Mama, pazuri!"

Ngiri alikuwa amezeeka. Alikuwa amelala pale alipolala mama yake. Akainua kichwa. "Uliona kona ya mto?"

"Niliiona! Korongo Mkuu mwenyewe alituonyesha. Anasema hakuna mnyama aliyewahi kuishi humo. Ndiyo maana pamebaki pazuri hivi."

Ngiri akaketi. "Mwanangu, wewe ulizaliwa pale. Bibi yako alizaliwa pale. Visima vile ni vyetu."

Kitinda, aliyetoka bondeni akiwa mdogo mno asikumbuke, akamtazama mama yake kwa huruma, kama tunavyowatazama wazee wakianza kuchanganya siku. "Mama, miaka yote ulifanya kazi humo ndani. Mbona hukumwambia mtu?"

Ngiri akafungua mdomo. Ulikuwa mkavu, hauna kitu. Na bado hakuweza kusema.

"Haya basi," Kitinda alisema taratibu. "Una unyayo hata mmoja wa kunionyesha? Mmoja tu, mama, nikuamini."

Ngiri akageuka kutazama nyuma yake, kwenye mchanga alikopita kutoka langoni jioni hiyo. Tawi lilikuwa bado kando yake. Kwa mazoea ya miaka yote, alikuwa amekuja akifagia.

Ningependa kuwaambia kwamba ngiri walirudi bondeni, wakapiga magoti, wakachimba. Mtoto yule kule nyuma anataka niseme hivyo, namwona. Sitasema, kwa sababu hawakurudi.

Ninalowapa mwende nalo ni hili: ukipenda mahali, uliza kwanza nani alipatunza mpaka wewe ukapakuta pazuri. Usipouliza, upendo wako utamtoa mwenyewe nje, na hutajua kwamba umemdhulumu. Na wewe uliyetolewa, waambie watoto wako mapema, maana wakikua bila kuambiwa, watamwamini aliyewafungia lango.

Hadithi yangu nimeifikisha hapa, na hapa naiacha. Mtakapoinuka kwenda, msifagie.